Faili ya Arobaini na Moja

Zima injini, Shee Athmani. Zima na hiyo redio.
Kama una la kukohoa, kohoa sasa,
maana sikio likishazama kila kitu ni ushahidi.
Juzi uliingia daftarini, saa tatu na dakika nane:
"kikohozi cha nahodha, mara mbili,"
na Profesa Wakesho akauliza ni samaki gani huyo.

Mita kumi na mbili za waya mweusi,
nchani sikio dogo kama kokwa ya tende,
nimelifunga kwa mpira wa baiskeli lisigongwegongwe.
Huku juu, nje ya Ras Serani, maji yamenyamaza.
Ndivyo tudhanivyo sisi wenye masikio ya hewani.
Huko chini ni jikoni, Ramadhani, saa kumi na moja:
mafuta yamepata moto, viazi vyatoswa karaini,
tatata, tatata, haikomi,
na kumbe ni kamba wa miambani wanaalisha makucha.

Kisha, huyo.
Mluzi wapanda, wajikunja, washuka, wapanda tena.
Kwenye skrini umejichora
kama nuni iliyosahau nukta yake.
Kila pomboo ana wake. Hakupewa na mtu,
aliubuni mwenyewe angali ananyonya,
akaukariri hadi ukawa yeye.
Huyu wa nuni sisi tumemwandika K-6.
Ana jina, nasi tumempa nambari ya mlango.
Ana mtoto ubavuni, wa miezi minne hivi.
Na hamwiti mtoto, ajabu yake. Hujitaja yeye:
nuni, nuni. Mimi hapa. Mimi hapa.

Saa tatu na nusu ikaja meli ya makontena.
Niliisikia kabla Shee Athmani hajaiona.
Skrini ikamwagikiwa wino, chini hadi juu.
Nimefunzwa: safu ya nne, andika "kelele".
Lakini ndani ya kelele hiyo mna mchele wa Idi,
mna matairi, mna dawa za sukari za shangazi,
mna mshahara wa kakangu Bwanaheri,
zamu ya usiku, Kilindini, lango la kumi na tatu.
Siwezi kuitukana na mdomo umejaa.

Dakika kumi na moja za wino.
Programu ilizipitia ikaandika: miluzi, sifuri.

Mamangu alisaga nafaka Kongowea,
mashine mbili chini ya bati moja.
Mwanasiti ni jina refu, halivuki mikanda ile.
Basi hakuliita. Alipaza sauti, "Mie!"
pumzi moja, fupi, ya juu, kama kugonga bilauri,
nami nikatoka nyuma ya magunia
kope zimejaa unga, namfuata.
Siku nzima ile ngurumo, na ndani yake "Mie!"
Hakuna aliyenifunza kusikiliza. Nililelewa kinuni.

Kwa hiyo nilirudisha nyuma. Nikafumba macho.
Tena. Tena.
Dakika ya saba:
si nuni nzima. Hakuna kujikunja, hakuna mkia.
Kipande cha kupanda tu, kifupi, juu kabisa,
pale ambapo wino umepauka kidogo.
Amelikata jina lake lipate kupenya.
Kimya. Ngurumo.
Akalikata tena, fupi zaidi.
Na kutoka upande wa Sheli
kitu chembamba, kimepinda vibaya,
jina ambalo mwenyewe bado analijaribu,
likajibu.

Nilivua vipokea sauti. Masikio yalikuwa na jasho.
Meli imeshapita, maji yamenyamaza kama kawaida ya uongo wake,
na Shee Athmani ananitazama, kashika kamba ya injini:
"Haya, wamesema nini?"
"Yupo. Na mtoto yupo."
"Hayo tu? Asubuhi nzima?"
Nikafuta safu ya nne. Nikaiacha tupu,
sijui bado neno la kuweka.
Akakohoa.
Nikaandika saa.